Utafiti na Utafutaji katika Lugha ya Machimbo

Katika maandishi ya Kiswahili yahusuyo madini, neno "utafiti" limebebeshwa mzigo mzito. Kampuni inayotoboa ardhi ili ijue kama chini pana dhahabu husemwa kwamba inafanya utafiti. Ndege inayopita angani ikiwa na vyombo vya kupima usumaku wa miamba nayo yafanya utafiti. Fundi wa maabara anayepima kiasi cha dhahabu kilichomo katika sampuli yu katika utafiti. Afisa anayekwenda kutazama kama ukingo wa bwawa una ufa, naye huandika katika taarifa yake kwamba amefanya utafiti. Na mtaalamu anayejiuliza kwa nini dhahabu nyingi hupotea katika uchenjuaji, huyo pia hana neno jingine ila hilohilo. Kazi ni tano na neno ni moja.

Makusudi ya makala hii ni kuhakiki matumizi hayo na kupendekeza mipaka. Shabaha yetu si kuwafanya waandishi waseme kwa madaha. Twadai kwamba ulegevu wa neno hili umeificha ile kazi ambayo kwa hakika ndiyo inayoboresha uchimbaji, yaani kuuliza daima jinsi kazi inavyofanywa na jinsi inavyoweza kufanywa vyema zaidi. Pale ambapo kazi hiyo haina jina lake, ni rahisi kuamini kwamba utafiti hukoma siku madini yanapoonekana.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa wafasiri wa Serikali. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalipoifanya lugha ya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za nchi, maneno yaliyokuwa yakielea katika hotuba na magazeti yanaingia katika vifungu. Neno lililolegea gazetini humsumbua msomaji kwa dakika chache, lakini likilegea katika sheria au katika sharti la leseni, laweza kuwasumbua watu mahakamani kwa miaka.

JINSI NENO LILIVYOFIKA HAPA

Neno "utafiti" halikuzaliwa machimboni. Mwaka 1968 liliundwa baraza la taifa la utafiti wa sayansi, nalo likajulikana kwa jina fupi la UTAFITI. Hivyo neno likapewa heshima ya kuwa jina la chombo cha dola. Hata hivyo, siku hizo halikuwa na uwanja peke yake. Mwaka 1970 ilianzishwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kwa karibu miaka 40, mpaka ilipogeuka kuwa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili mwaka 2009, "uchunguzi" lilikuwa jina la kazi ileile ambayo wataalamu wa kilimo na wa magonjwa waliiita "utafiti". Maneno hayo mawili yaliishi pamoja kama jirani wema.

Tukiyatazama maneno ya ukoo huu moja moja, twaona kwamba Kiswahili hakikuwa maskini. "Kuchunguza" ni ndugu wa "kuchungulia": kitu kipo mbele ya mtu, naye anakitazama kwa makini ili ajue hali yake. "Kutafuta" ni kinyume cha hayo: kitu hakipo mbele, na mtu anataka kukiona. "Kupeleleza" ni kwenda kuangalia mahali pageni. Vitabu vya historia vya shule vilitumia neno "wapelelezi" kwa Wazungu waliozunguka bara la Afrika katika karne ya 19. Lakini neno hilo lina harufu ya polisi na ya vita, na kwa sababu hiyo halikustawi katika machimbo.

Kwa kazi ya kwenda porini kusaka dalili za madini, neno "utafutaji" lilitosha, na bado latosha. Ndilo lifaalo kwa leseni itolewayo chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2010 kwa mtu anayetaka kujua kama eneo fulani lina madini kabla hajaomba haki ya kuchimba. Na kwa kweli baadhi ya maandishi ya ofisi husema "leseni ya utafutaji". Lakini leseni hiyohiyo huitwa "leseni ya utafiti" katika magazeti, katika hotuba, na pengine katika aya ya pili ya barua ileile iliyoanza kwa kusema "utafutaji".

Sababu si ngumu kuiona. Kutafuta ni kazi ya kila mtu: mchungaji hutafuta mbuzi aliyepotea, na mtoto hutafuta kiatu chake chini ya kitanda. Kutafiti kumevaa joho la chuo kikuu. Mtu mwenye shahada na mtambo wa mamilioni hapendi kuambiwa kwamba anatafuta. Basi neno la heshima likachukua kiti cha neno la kawaida, na lenyewe likaacha kiti chake wazi.

Mfano mwingine ni jina la chombo cha umma chenye makao yake Dodoma, ambacho asili yake ni idara ya jiolojia iliyoanzishwa wakati wa Tanganyika, mwaka 1925. Kwa Kiingereza jina lake lina neno lenye maana ya kupima nchi na kuichorea ramani. Kwa Kiswahili chaitwa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania. Hatusemi jina hilo libadilishwe, kwani jina la taasisi ni mali ya taasisi, na kazi zake ni pana kuliko ramani. Twasema tu kwamba msomaji anayekutana na maneno "utafiti wa madini" kila siku hufundishwa, bila ya kuambiwa, kwamba kutafiti madini ni kujua madini yako wapi.

USHUHUDA WA MAGANZO

Maganzo ni mji mdogo katika Wilaya ya Kishapu, Mkoa wa Shinyanga, kando ya barabara kuu iendayo Mwanza. Jirani yake ni Mwadui, penye mgodi wa almasi wa Williamson. Watu wa Maganzo wameishi na almasi kwa zaidi ya miaka 80: wako wanaochimba, wanaochekecha changarawe, wanaonunua na wanaouza, na wako wanaopika chakula cha hao wote. Kama kuna mahali ambapo Kiswahili cha madini kimepata muda wa kukomaa, basi ni hapo.

Historia ya mahali penyewe hufundishwa kwa namna moja. Mwaka 1940 Dk. John Williamson, mwanajiolojia kutoka Canada aliyesoma Chuo Kikuu cha McGill, aligundua mwamba wa almasi wa Mwadui. Husimuliwa kama habari ya mtu aliyetafuta kwa taabu akapata, na mwisho wa habari ni siku ile ya kupata. Yaliyofuata huwa ni mali, serikali na urithi.

Katika kukusanya maneno ya kazi hapo Maganzo, nilimwuliza mzee mmoja ambaye amefanya biashara ya almasi tangu ujana wake: "Mzee wangu, hapa kwenu utafiti hufanyika?" Akajibu: "Mwanangu, utafiti ulishapita. Walikuja na mitambo, wakachoronga, wakafunga mizigo yao. Tangu hapo ni kuchimba tu."

Jibu hilo lafaa kupimwa kwa utulivu. Mzee hakukosea Kiswahili, kwani alitumia neno kwa maana ambayo wenye mitambo wenyewe walimfundisha. Kwake utafiti ni kitu kipitacho, kama gari moshi: kilikuwa stesheni, kikaondoka. Lakini mzee huyohuyo ana shamba la pamba, na nilipomwuliza habari za mbegu, mazungumzo yakawa mengine. Kila mkulima wa Usukuma ajua kwamba mbegu zenye jina linaloanza kwa herufi UK zimetoka Ukiriguru, karibu na Mwanza, mahali ambapo pamba imetafitiwa tangu miaka ya 1930. Hakuna mkulima asemaye kwamba utafiti wa pamba ulishapita siku ile ilipoonekana kwamba pamba yaweza kuota Usukuma. Mbegu huchoka, wadudu huja, mvua hubadilika, na watafiti hurudi tena na swali jipya.

Basi katika kijiji kimoja, kinywani mwa mtu mmoja, neno moja lina maana mbili zinazopingana. Shambani utafiti ni kazi isiyokoma, lakini machimboni ni kazi iliyokwisha. Tofauti hiyo haitokani na akili za watu. Yatokana na kile ambacho neno limeoneshwa kwamba ni chake.

KAZI INAYOKOSA JINA

Mwadui yenyewe yatoa ushahidi bora kwamba kupata madini si mwisho wa maswali. Mwamba wake wa kimbalaiti una eneo la hekta 146 juu ya ardhi, na ni miongoni mwa mikubwa kabisa duniani katika ile inayochimbwa kwa faida. Lakini wingi wa mwamba si wingi wa almasi. Katika miaka ya karibuni mgodi umekuwa ukipata karati 5 hadi 8 kwa kila tani 100 za mwamba, yaani gramu 1 hadi 1.6 tu. Mgodi wa namna hiyo haukai hai kwa sababu mtu aliona almasi mwaka 1940. Unakaa hai kwa sababu watu wamejua jinsi ya kuitenga gramu moja kutoka katika tani mia bila ya kuipoteza na bila ya kutumia gharama kuliko thamani yake.

Ujuzi huo ulitokana na maswali. Mtu aliuliza: almasi ina tofauti gani na jiwe jingine lolote? Jibu la kwanza ni uzito: almasi ni nzito kuliko mawe mengi ya ukubwa wake, hivyo katika kimiminika kizito huzama wakati mengine yanaelea. Jibu la pili ni la ajabu zaidi: almasi haishiki maji bali hushika mafuta. Kokoto zikipitishwa kwa maji juu ya meza iliyopakwa grisi, mawe ya kawaida huteleza na almasi hunata. Jibu la tatu ni nuru: almasi ikimulikwa kwa mionzi ya eksrei hung'aa, na chombo huiona na kuitenga. Kila jibu likawa mtambo. Tena tuangalie kwamba maswali hayo matatu hayakuongeza hata punje moja ya almasi ardhini. Yaliokoa zile zilizokuwa zikitupwa.

Sasa tuulize: kazi hiyo ya kuuliza huitwaje katika maandishi yetu? Aghalabu haitwi kitu. Huonekana tu matokeo yake, nayo huitwa "teknolojia ya kisasa" au "mitambo ya kisasa". Maneno hayo ni majina ya kitu kilichonunuliwa. Yamfanya msomaji adhani kwamba maendeleo ya uchimbaji hufika bandarini ndani ya kasha, yakiwa yamekamilika. Yule aliyeuliza, aliyepima, aliyeshindwa mara kumi na kufaulu mara ya kumi na moja, ameondolewa katika sentensi. Mwanafunzi wa Shinyanga asomaye habari hiyo haoni mahali pa kujiweka ila pa mnunuzi au pa mwendesha mtambo.

MARUDIO

Tukienda upande wa magharibi, katika ukanda wa dhahabu wa Geita, twakuta wachimbaji wadogo wenye msamiati wao imara. Shimo lao ni duara. Magogo yanayoshikilia kuta za duara zisiporomoke ni matimba. Mtambo wa kusagia mawe ni karasha, na mahali pa kuoshea ni mwalo. Mawe husagwa, huoshwa, na zebaki hutiwa ili ishike dhahabu. Kisha zebaki huchomwa ipae na dhahabu ibaki. Mchanga unaobaki baada ya yote hayo huitwa "marudio".

Neno hili lastahili heshima ya wanaistilahi. Katika maandishi ya ofisini kitu hichohicho huitwa "mabaki" au "taka". Taka ni kitu ambacho hesabu yake imefungwa. Marudio, kwa kuwa latokana na kurudi, ni kitu ambacho mtu atakirudia. Mchimbaji aliyelibuni alijua kwamba dhahabu imebaki humo, na alijua sawasawa, kwani njia ya zebaki aghalabu hukamata chini ya nusu ya dhahabu iliyomo katika jiwe. Nyingine hupatikana baadaye kwa sianidi katika matangi ya mtu mwingine, ambaye mara nyingi siye aliyeingia katika duara. Mfasiri anayeandika "taka" katika mkataba wa kuuziana marudio anampunguzia mchimbaji mali yake kwa ncha ya kalamu.

Lakini hata neno hili zuri lina mpaka. Latuambia kwamba dhahabu imebaki, halituambii kwa nini. Je, jiwe halikusagwa laini vya kutosha? Je, maji ya mwalo yanakwenda kwa kasi mno? Au dhahabu imefungwa ndani ya madini mengine ambayo zebaki haiwezi kuyafikia? Hayo ndiyo maswali ya utafiti, na majibu yake yana faida ya moja kwa moja kwa mtu mwenye karasha moja.

Utafiti wa aina hiyo umepata kufanyika. Kati ya mwaka 2002 na 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda liliendesha mradi kuhusu zebaki katika nchi sita, Tanzania ikiwa mojawapo, na Lwamgasa, au Rwamgasa kama wengine waandikavyo, palikuwa mahali pake hapa nchini. Waliokwenda huko hawakuwa wakisaka mkondo mpya wa dhahabu. Walitaka kujua zebaki inakwenda wapi, inamdhuru nani, na namna gani kazi ileile yaweza kufanywa kwa madhara machache, kwa mfano kwa kuichoma zebaki ndani ya chombo kilichofunikwa ili mvuke wake unaswe na utumike tena. Baadaye, mwaka 2020, Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, na Shirika la Madini la Taifa limekuwa na vituo vya mfano vya kuwafunza wachimbaji wadogo huko Lwamgasa, Katente na Itumbi.

Mwandishi wa taarifa akiandika leo kwamba "utafiti ulifanyika Lwamgasa", msomaji wa kawaida ataelewa nini? Ataelewa kwamba kampuni ilitafuta dhahabu. Mwandishi atalazimika kuongeza sentensi nzima ili kuondoa maana ambayo hakuikusudia. Neno linalohitaji kukanushwa kila linapotumika limeacha kufanya kazi yake.

NENO LILILOCHELEWA

Gharama ya kuchelewa kuweka maneno ilionekana wazi mwaka 2017. Mwezi wa Machi mwaka huo Serikali ilizuia kusafirisha nje ya nchi shehena za madini kutoka Bulyanhulu na Buzwagi, Mkoa wa Shinyanga. Kitu chenyewe kilikuwa unga wa mawe uliokwisha chenjuliwa hatua ya kwanza, wenye shaba, dhahabu na fedha. Watu wengi waliuita "mchanga wa dhahabu", na wengine "mchanga" tu. Neno "mchanga" lilileta ugomvi wake lenyewe: wako waliouliza vipi nchi isafirishe mchanga ng'ambo, na wako waliodhani kwamba ni udongo uliochotwa tu ardhini. Ndipo neno la wataalamu, "makinikia", likatoka katika makaratasi na kuingia vinywani mwa watu, na baada ya wiki chache likawa linasikika hata katika daladala.

Kamati iliyoongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma iliwasilisha taarifa yake tarehe 24 Mei 2017, ikisema kwamba makontena 277 yaliyozuiliwa yalikuwa na dhahabu wastani wa tani 7.8. Kampuni ilikanusha. Si kazi ya jarida hili kuamua hesabu hiyo. Kazi yetu ni kuona kwamba mabishano yote yalisimama juu ya mambo ambayo Kiswahili cha umma hakikuwa kimeyatenganisha: kuchukua sampuli, kupima sampuli, kukagua hesabu, na kutafiti njia bora ya uchenjuaji. Yote yaliitwa, kwa zamu, "uchunguzi" na "utafiti". Raia aliyetaka kujua kama tofauti ilitokana na namna ya kuchukua sampuli au na namna ya kuipima hakupewa maneno ya kuulizia.

Neno "makinikia" lenyewe lataka kuhakikiwa kwa ufupi. Kwa sura yake laonekana limejengwa juu ya "makini". Kiingereza kina neno moja kwa mtu aliyekaza fikira na kwa kitu kilichokusanywa kikawa kizito zaidi. Kiswahili hakina sababu ya kuunganisha mambo hayo mawili. Hata hivyo neno limekwisha kukubalika, halina mwenzake wa kugombana naye, na kila mtu ajua ni kitu gani. Liachwe. Funzo lake ni kwamba watu hawakatai istilahi ngumu wakati jambo linawagusa. Walikuwa wakiingoja.

TOPE NA WATU WALIO CHINI YAKE

Tarehe 7 Novemba 2022 ukingo wa bwawa la tope la mgodi wa Mwadui ulivunjika. Tope lilitoka nje ya eneo la mgodi, likafunika mashamba na kuingia katika makazi ya watu. Hakuna aliyekufa, lakini kulikuwa na waliopoteza nyumba na riziki, na uzalishaji ulisimama kwa miezi kadhaa. Huko Brumadinho, nchini Brazili, bwawa la aina hiyo lilivunjika tarehe 25 Januari 2019 na kuua watu 270, na ndiyo sababu mwaka uliofuata vilitolewa viwango vya kimataifa vya usimamizi wa mabwawa hayo.

Hapa twafika kwenye mizani ya mwisho ya neno letu. Baada ya ajali ya bwawa zipo kazi tatu za akili, na kila moja ina wakati wake na mwenye kuwajibika wake. Kujua kwa nini ukingo huu ulivunjika siku ile ni uchunguzi. Kutazama kila wiki kama kingo zilizobaki ni salama ni ukaguzi. Kujifunza jinsi tope la mwamba huu linavyokaa likilowa na kukauka kwa miaka ishirini, na ukingo wa namna gani walifaa, ni utafiti. Uchunguzi huisha kwa taarifa, ukaguzi haupumziki, na utafiti huanza hata kabla bwawa halijajengwa.

Sasa tufikirie tangazo kwa wanakijiji lenye maneno haya: "Utafiti unaendelea katika eneo lenu." Kwa mtu ambaye tangu utoto amesikia kwamba utafiti ni kutafuta madini, tangazo hilo lina maana moja: wenye mgodi wanatafuta almasi chini ya shamba lake lililofunikwa na tope. Hofu yake ya kuhamishwa itaongezeka, na mwandishi wa tangazo atashangaa kwa nini watu hawatoi ushirikiano. Neno lililolegea limewagombanisha watu ambao wote walikuwa wakisema kweli.

HOJA ZA UPANDE WA PILI

Wako watakaosema kwamba matumizi yamekwisha kukaa, na lugha ni ya watu, haiamriwi na ofisi. Ni kweli kwamba Baraza haliwezi kumfunga mtu mdomo, wala halitaki. Lakini matumizi tunayoyahakiki hayakuanzia kwa watu. Yalianzia kwenye makaratasi ya kampuni na ya ofisi, yakashuka. Watu wao, wakiachwa, walibuni "marudio".

Hoja nyingine yasema kwamba neno pana lina faida, kwani kutafuta madini siku hizi ni sayansi, na haifai kumwita mwanajiolojia mtafutaji kama mtu aliyepoteza mbuzi. Hoja hii ina nguvu, nasi twaijibu kwa mfano. Wizara ya Madini katika mpango wake wa kufikia mwaka 2030 ilieleza kwamba sehemu ya nchi iliyokwisha kufanyiwa "utafiti wa kina" wa jiofizikia kwa ndege ilikuwa asilimia 16, na lengo ni kufikia asilimia 50. Kazi hiyo ni ya kisayansi kabisa na ina manufaa makubwa. Lakini tuangalie hiyo asilimia. Kitu kinachoweza kuhesabiwa kwa eneo la ardhi, kikaisha mahali hapa na kuanza mahali pale, ni upimaji. Utafiti hauna asilimia ya ardhi. Hekta moja ya Mwadui yaweza kutafitiwa kwa miaka mia na bado ikawa na maswali. Kuiita kazi ile "upimaji wa jiofizikia" hakuipunguzii sayansi yake hata chembe, na kunamwambia Mbunge anayepitisha bajeti ni kitu gani hasa kinanunuliwa.

Tena tusisahau kwamba Kiswahili kimewahi kulifaulu jaribio la namna hii. Neno "upembuzi yakinifu" limejengwa juu ya kazi ya kupembua nafaka, na leo latumika katika kila wizara kwa ile kazi ya kupima kama mradi walipa kabla haujaanzishwa. Halikuhitaji joho la heshima, nalo halichanganywi na utafiti wala na ukaguzi.

MAPENDEKEZO

Kwa hiyo twapendekeza kwa wafasiri, walimu na watumishi wa umma mgawanyo ufuatao katika maandishi ya madini:

(1) Utafutaji: kusaka mahali penye madini. Leseni yake iitwe leseni ya utafutaji katika kila aya ya kila barua.

(2) Uchorongaji: kutoboa mwamba kwa mtambo ili kupata sampuli. Hii ni njia tu, yaweza kutumika katika utafutaji au katika utafiti.

(3) Upimaji: kujua kiasi au hali ya kitu kwa chombo, iwe ni dhahabu katika sampuli au usumaku wa miamba katika nchi nzima.

(4) Ukaguzi: kuangalia kama kazi inafuata sheria na viwango.

(5) Uchunguzi: kutaka kujua sababu ya tukio fulani lililokwisha kutokea.

(6) Utafiti: kuuliza swali ambalo jibu lake halijajulikana, kwa njia inayoweza kurudiwa na mtu mwingine, ili kazi ifanyike vyema zaidi kuliko jana.

Mwandishi akiwa na shaka, na ajiulize: jibu likipatikana, litamfaa mtu wa shimo jingine? Kama jibu lafaa shimo hili tu, huenda ni upimaji, ukaguzi au uchunguzi. Kama litamfaa na yule wa Nyarugusu na yule wa Maganzo, basi ni utafiti, na uandikwe hivyo, pamoja na jina la swali lililoulizwa. Tusiridhike na "utafiti wa dhahabu". Tuandike "utafiti wa upotevu wa dhahabu katika mialo". Tusiridhike na "utafiti wa almasi". Tuandike "utafiti wa uimara wa kingo za tope".

Kwa walimu wa sekondari wa Shinyanga na Geita tuna ombi moja zaidi. Mnapofundisha habari ya mwaka 1940, msiifunge siku ya kugundua. Waelezeni wanafunzi habari za meza ya grisi na za mvuke wa zebaki, kisha waulizeni ni swali gani lingine machimbo ya kwao hayajaulizwa. Kuuliza si ujinga, na katika kazi hii kuuliza ndiko kunakoamua kama mtu atarudia marudio yake mwenyewe au atamwachia mwingine ayarudie.

Wasomaji wenye maneno ya kazi kutoka machimbo mengine, au wenye kupinga mgawanyo huu, wanaombwa kuandika kwa Baraza kabla istilahi hizi hazijapelekwa mbele ya kamati ya usanifishaji.